Kigari cha Betri au cha Petroli: Uliza Kwanza Nani Atakichaji Masika

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Marangu aliniandikia kwamba yeye na mume wake wanakaribia kumaliza loji yao ndogo, vyumba vikiwa vimetawanyika juu ya mteremko katikati ya migomba na mapokezi yakiwa chini karibu na barabara, na kwamba wamepata vigari viwili vya gofu vilivyotumika, kimoja cha petroli na kingine cha betri, kwa bei zinazokaribiana. Anataka nimwambie wachukue kipi. Maswali ya namna hii hunifikia pia kutoka Usa River, Tengeru na Karatu, na kwa kuwa najua wengi wenu mnaosoma hapa mna ndoto ya kufungua au kupanua sehemu ya kupokea wageni, nimeona nimjibu dada huyu mbele ya wote.

Jibu langu ni cha betri. Lakini lina sharti, na sharti hilo ndilo lililowahi kunichafulia jina, kwa hiyo naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Ufundi nilijifunzia Unga Limited, mtaa wa Arusha, katika gereji ya pikipiki na bajaji. Vigari vya gofu nilivikuta baadaye, loji moja iliponiita nitengeneze cha petroli kilichokuwa kikizimika kila kikipandishwa kilima. Kazi ile ilinifungulia milango, na baada ya muda nikawa natunza vigari vya loji kadhaa kati ya Arusha na Boma Ng'ombe. Mwenye loji mmoja akaniomba ushauri kabla ya kununua vigari vya kubebea wageni na mizigo yao. Nilimshauri vya betri, tena kwa maandishi, nikamwekea ukurasa mzima wa namna ya kuvitunza: vichajiwe kila jioni hata kama vimetembea kidogo, maji yaliyosafishwa yakaguliwe kila mwezi, na loji ikifungwa msimu wa mvua abaki mtu mwenye jukumu la kuvichaji. Akanunua. Msimu wote wa safari vigari vilifanya kazi bila tatizo, na hata mwenye loji mwenyewe alinipigia simu kunishukuru.

Kisha masika yakaingia. Loji ikafungwa, kama loji nyingi za huku zinavyofungwa Aprili na Mei, wafanyakazi wakapewa likizo, umeme wa banda la vigari ukazimwa ili kubana matumizi, na vigari vikaachwa kama vilivyorudi kutoka safari ya mwisho, betri zikiwa nusu au chini ya nusu. Nilipoitwa Juni hakuna hata kimoja kilichosogea. Chaja zilipochomekwa nazo zikakaa kimya, kwa sababu chaja nyingi za vigari hivi hupima kwanza volti za betri, na zikikuta zimeshuka mno hukataa kuanza. Meneja akatangaza mbele ya wapishi na walinzi kwamba nimemwingiza mwajiri wake katika hasara. Ukurasa wangu haukutajwa. Kazi yangu pale iliishia siku hiyo hiyo, na kwa muda mrefu mafundi wenzangu waliniuliza kama mimi ndiye yule wa betri zilizokufa. Iliniuma, na sitaficha kwamba hadi leo bado inaniuma, kwa kuwa nilichokisema kilikuwa sahihi na kilikuwa kimeandikwa.

Ndani ya zile betri kilichotokea hakina siri. Betri za maji zina bamba za risasi zilizozama katika asidi, na kila zinapotoa umeme, bamba hizo hujipaka salfeti ya risasi. Ukizichaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiziacha wiki kadhaa bila chaji, hugeuka kuwa chembe ngumu ambazo chaja ya kawaida haiwezi tena kuziondoa, na sehemu ya bamba iliyofunikwa huwa imekufa. Betri iliyolala bila kazi hujipunguza chaji yenyewe pia, na joto huharakisha jambo hilo, ndiyo maana kufunga swichi na kuondoka hakutoshi. Betri za maji zikitunzwa huishi miaka 4 hadi 6. Zikitelekezwa masika moja tu, zinaweza kufa zikiwa bado na mng'aro wa dukani.

Mteja wangu mwingine, ambaye loji yake iko upande wa Usa River, alipewa ukurasa ule ule, neno kwa neno. Yeye aliubandika ukutani juu ya chaja na akamkabidhi mlinzi wa usiku jukumu hilo kwa jina, na akamwongezea posho kwa ajili yake. Betri zake sasa ziko ukingoni mwa umri niliotaja na bado zinapandisha wageni wanne na mabegi yao. Hamna fundi atakayeona hivyo asijisikie vizuri.

Sasa nirudi kwa kigari cha petroli, maana sitaki nionekane nakidharau chombo kilichonilisha. Kina nguvu ya kwenda mbali, kinajazwa mafuta kwa dakika chache, na fundi yeyote wa pikipiki anaweza kukishughulikia: plagi, oili, kabureta, chujio la hewa na mikanda. Kama una shamba la kahawa au eneo kubwa ambalo kigari kinazunguka kutwa nzima bila kurudi nyumbani, nunua cha petroli na usiwe na wasiwasi. Kwa loji iliyo mlimani, hata hivyo, kuna mambo ambayo muuzaji hatakwambia. Injini ya petroli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Arusha iko karibu mita 1,400, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zilizoandikwa kwenye kitabu cha kigari imeshaondoka kabla hujapakiza mgeni. Moshi mjini, ambako ni chini zaidi, hasara ni ndogo, lakini Marangu kumeinuka, na kunazidi kuinuka kadiri unavyoelekea lango la Hifadhi ya Kilimanjaro. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haiujui mwinuko. Isitoshe, hutoa nguvu yake kubwa kabisa pale pale inapoanza kuzunguka, na hicho ndicho kigari kinachohitaji kikiwa kimesimama katikati ya kilima na watu ndani.

Kuna pia suala la kelele. Wageni wanaokwenda Tarangire au Ngorongoro huamshwa alfajiri, mizigo yao hubebwa saa kumi na moja, na injini ya silinda moja inayowaka na kuzima kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta huwaamsha hata wale ambao hawana safari. Mimi nimekaa katika mabanda ya loji saa hizo, nimesikia tofauti, na naamini mwenye loji anayeuza utulivu hana haki ya kuwaamsha wageni wake kwa chombo alichokinunua mwenyewe.

Kuhusu gharama, watu hubishana sana bila kupiga hesabu. Betri sita za volti 8, yaani seti ya kigari cha volti 48, zenye saa-ampea 170 kila moja (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), zinabeba takriban uniti 8 za umeme zikijaa. Kwa kuwa hazipaswi kutumiwa chini ya nusu, unarudisha uniti 4, tuseme 5 ukihesabu zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji. Kwa mteja wa kawaida wa Luku, kwa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni chini ya shilingi 1,800, na fedha hiyo hainunui lita moja ya petroli katika kituo chochote cha Kilimanjaro au Arusha. Mzigo mzito uko kwingine: siku ya kubadilisha betri unalipa mamilioni ya shilingi kwa mkupuo mmoja, na asiyejiwekea akiba kidogo kidogo kila mwezi ataona amedanganywa. Betri za lithiamu huishi muda mrefu zaidi, hazihitaji maji na ni nyepesi mno ukilinganisha na kilo 28 hivi za kila betri ya maji ya volti 8, lakini bei yake ya kuanzia ni kubwa, na mwenye loji inayoanza sitamlazimisha.

Kukatika kwa umeme, ambako ndiko hoja kubwa ya wanaopendelea petroli, kunatisha kuliko kunavyostahili. Chaja ya kawaida ya volti 48 hutumia wati elfu moja hivi, mzigo ambao jenereta ndogo ya loji inaubeba bila kuhema, na kigari kilichochajiwa jana jioni kina kazi ya siku nzima ndani yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni chaja yenyewe. Vigari vingi vilivyotumika asili yake ni Marekani, na baadhi hufika na chaja za kule, zilizotengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Watu hununua transfoma ya kushusha volti wakidhani wamemaliza kazi, lakini chaja za kizamani zenye transfoma kubwa ndani hutegemea pia ile mizunguko, na zikilishwa 50 hazichaji inavyopasa. Dada wa Marangu, kabla hujatazama rangi wala viti, geuza chaja usome kibandiko chake. Kama hakikuandikwa volti 230 na mizunguko 50, ondoa bei ya chaja mpya katika bei unayopewa, na muuzaji akikataa, ondoka.

Sharti langu sasa mnalijua. Mnaomiliki loji, nawasihi kwa moyo wote: acheni kununua chombo cha mamilioni na kumwachia kila mtu, kwa maana cha kila mtu hakichajiwi na yeyote. Mpeni mtu mmoja jukumu hilo kwa jina. Afungue madirisha ya banda, kwa sababu betri za maji zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na asivute sigara humo. Aongeze maji yaliyosafishwa, kamwe yasiwe ya bombani, na ayaongeze baada ya kuchaji, isipokuwa bamba ziwe zimeanza kuonekana, hapo atazifunika kwa maji hayo kidogo kabla ya kuchaji. Masika yakikaribia, betri zijazwe chaji kabisa, nyaya zichomolewe, na angalau kila mwezi zirudishiwe chaji. Na mkichagua petroli msidhani mmesamehewa wajibu huo: mafuta yaliyoachwa ndani ya kabureta kwa miezi miwili hukauka na kuacha utandu unaoziba vitundu vyake, kwa hiyo funga bomba la mafuta na uache injini iwake hadi izime yenyewe.

Kama loji yenu haina mtu wa namna hiyo, wala hamna nia ya kumlipa, basi dada yangu, chukueni cha petroli, kwa sababu kabureta iliyoziba husafishwa kwa asubuhi moja na betri iliyokufa hainyanyuki.

Kama yupo, nendeni na mita ya volti siku ya kukiona kile cha betri. Mwombeni muuzaji akichaji usiku kucha na kukiacha kitulie saa kadhaa kabla hamjafika. Betri sita zikiwa nzima zitasoma karibu volti 51 kwa pamoja. Pimeni kila moja pekee yake pia, na iliyo chini ya wenzake kwa nusu volti ikatalieni. Kisha pakieni watu wanne, mkipandishe kilima kirefu mara kadhaa, mkiache kitulie tena, na mpime upya. Kikisoma chini ya volti 48.4 baada ya safari fupi kama hiyo, nusu ya chaji imekwisha, na bei mliyotajiwa inapaswa kupungua kwa gharama ya seti nzima ya betri.