Uliza Fundi wa Gemu: Fimbo ya Kilik Inanikuta Kila Nikikwepa

SWALI: Nacheza Soulcalibur, gemu ya mapigano ya silaha, kwenye Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega. Kaka yangu akichukua Kilik, mpiganaji wa fimbo, sipumui. Nikikwepa pembeni fimbo inanikuta, nikijikinga ananikamata na kunibwaga. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Unakwepa pigo lisilokwepeka kwa pembeni. Kama hujabadilisha vitufe, X ni pigo la mlalo, Y la wima, B teke, A kinga. Kuhama pembeni kunakuokoa na pigo la wima. La mlalo linafagia, na fimbo ya Kilik ni ndefu, hivyo inafagia mbali.

Mtazame mikono. Fimbo ikija usawa wa kichwa, shika A pamoja na mshale wa chini uchuchumae. Itapita juu, nawe umchape Y kabla hajairudisha. Hata kule kukamatwa kunamkosa aliyechuchumaa. Ila usigande hapo chini: pigo la usawa wa kifua linampata aliyechuchumaa hata kama amejikinga. La miguuni ndilo linalozuiwa ukiwa chini. Kaka yako anajua hesabu hiyo, ndiyo maana anakuchanganya.

Dawa yenyewe ni kurudisha pigo: mshale wa mbele na A kwa mpigo mmoja, silaha ikiwa inakufikia. Wengi wanashindwa kwa sababu A wameishikilia tangu mwanzo. Iachie kwanza, ndipo ubonyeze vyote viwili. Ukiwahi mno unabaki wazi. Ukifaulu atayumba, lakini naye anaweza kukurudishia pigo lako la kwanza, kwa hiyo licheleweshe kidogo, au mkamate kwa X na A. Tumia mishale, si kile kijiti cha kuzungusha; kijiti kinateleza kwenda kona.

SWALI: Dreamcast yangu inajizima na kuwaka upya katikati ya pambano. Diski ni safi.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Diski haina kosa. Mara nyingi ni pini zinazopeleka umeme kutoka pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine) kwenda ubao mkuu: zimeota uchafu, umeme unakatika. Chomoa waya, subiri mashine ipoe. Toa modemu, kile kifaa cha intaneti kilichochomekwa kwenye mashine, maana skrubu moja imejificha chini yake. Funua, legeza skrubu za pawasaplai, inyanyue wima bila kugusa upande wake wa chini, kwani kapasita huweza kubaki na chaji. Sugua pini kwa kijiti cha pamba chenye spiriti mpaka zing'ae, acha zikauke kabisa, rudisha.

SWALI: Nikiwasha, kadi ya VMU, ile ya kuhifadhia gemu, inalia piii. Nitapoteza nilichohifadhi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hupotezi. Betri zimekwisha, basi. Weka betri mbili za duara za CR2032. Saa ya kadi itabidi uipange upya.