Alama zilizofifia kwenye kaunta ya marumaru
Dada, umeuliza kuhusu kaunta yako ya marumaru: hiyo miduara iliyofifia pale ulipoacha ndimu iliyokatwa si uchafu, ndiyo maana umesugua hadi mkono ukachoka. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Tindikali ya ndimu huila, mng'ao ukaondoka. Pitisha ukucha: kama uso bado ni laini, poda ya kung'arishia marumaru na kitambaa kibichi vitatosha. Ukihisi kishimo, mwite fundi. Doa jeusi la mafuta ni jambo jingine: koroga magadi soda (baking soda ya kupikia) na maji yawe uji mzito, pakaa, funika kwa nailoni saa 24. Siki nayo ni tindikali, usiiguse, hata jirani aiapie vipi. Na ule mstari wa kijivu uliokuwepo tangu kaunta iwekwe? Ukucha usiponasa, huo ni mshipa wa jiwe tu, uache.