Maswali Yenu: Pampu ya majitaka imo, ya maji ya bomba haimo

Barua kadhaa za toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mchango wa bidhaa na huduma za mazingira katika uchumi wa nchi hupimwaje? Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, naandaa ripoti kuhusu mchango wa sekta ya mazingira katika uchumi. Mwenzangu ananishauri nichukue takwimu za Sekta E ya ISIC (uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi), yaani maji, majitaka na taka, kazi iishe. Ni sahihi?

JIBU: Kazi itaisha haraka, ila jibu litakuwa bovu pande zote mbili. Sekta E (migawanyo 36 hadi 39) inabeba kisichohusika na kuacha mengi yanayohusika. Kisichohusika ni mgawanyo 36, usambazaji wa maji, kwa kuwa lengo lake kuu ni kumfikishia mtu maji. Kinachohesabiwa hapo ni kazi ya kupunguza upotevu, kama kuziba mabomba yanayovuja. Yanayoachwa nje ni umeme wa jua na upepo (Sekta D), kilimo hai (A), mitambo ya kuchuja moshi wa viwanda (C), pamoja na idara za serikali zinazosimamia mazingira (O, kwa herufi za toleo la nne la ISIC).

Mfumo wa Hesabu za Mazingira na Uchumi, SEEA, ambao Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliuidhinisha mwaka 2012, huanza na bidhaa na kuuliza lengo lake kuu. Malengo yanayokubalika ni mawili. La kwanza ni kukinga mazingira: hewa, majitaka, taka, udongo, kelele, bioanuwai, mionzi. La pili ni kutunza rasilimali: maji, misitu, nishati, madini. Ukuta wa kuzuia mafuriko haumo, maana huo unamkinga binadamu dhidi ya maji, wala hauyakingi maji dhidi ya binadamu.

SWALI: Kiwanda kimoja kinatengeneza pampu za maji ya bomba na pampu za majitaka. Nikihesabu kiwanda chote nitakuwa nimezidisha, nikikiacha nitakuwa nimepunguza. Nifanyeje?

JIBU: Hapa ndipo kazi yote ilipo, basi tuende polepole na tarakimu za mfano.

Mauzo ya kiwanda kwa mwaka ni milioni 500. Kati ya hizo, pampu za majitaka zimeleta milioni 150, yaani asilimia 30. Matumizi ya kati ya kiwanda kizima (chuma, mota, umeme, usafirishaji, huduma zilizonunuliwa) ni milioni 320, hivyo ongezeko la thamani ni milioni 180. Njia ya mkato ni kuchukua asilimia 30 ya 180, upate milioni 54. Ofisi nyingi za takwimu huishia hapo, na kama huna taarifa nyingine, inakubalika.

Tatizo ni kwamba njia hiyo inachukulia kuwa pampu zote zinagharimu sawasawa. Pampu ya majitaka hutumia chuma ghali zaidi kisicholiwa na kutu, na mihuri yake ni imara zaidi. Tuseme daftari la gharama linaonyesha kuwa matumizi ya kati ya pampu hizo pekee ni milioni 108. Ongezeko la thamani linakuwa milioni 42, si 54. Njia ya mkato imezidisha kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo omba gharama za kila bidhaa, hata kama ni za viwanda vikubwa vitano tu katika tawi hilo, kisha tumia uwiano wao kusahihisha waliobaki.

Ajira nazo zina mtego huohuo. Kiwanda kina wafanyakazi 80. Asilimia 30 ni 24. Lakini kumbukumbu za zamu zikionyesha saa 36,000 kwenye pampu za majitaka, na mfanyakazi wa muda kamili hufanya saa 1,800 kwa mwaka, hao ni 20. Ripoti ajira kwa kipimo cha muda kamili, usihesabu vichwa, la sivyo kibarua wa miezi miwili atalingana na fundi wa mwaka mzima.

Na swali la dodoso liulize kuhusu bidhaa zenyewe. “Je, kampuni yako inahusika na mazingira?” ni swali ambalo kila meneja wa masoko atalijibu “ndiyo”. Weka orodha fupi ya bidhaa zinazohusu tawi lake na uombe asilimia ya mapato kwa kila moja. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani iliuliza biashara takriban 120,000 kwa mtindo wa namna hiyo na kupata ajira milioni 3.1 za bidhaa na huduma za kijani kwa mwaka 2010. Ila usizilinganishe moja kwa moja na za SEEA: Wamarekani walihesabu pia usafiri wa umma, ambao kwa kigezo cha lengo kuu hauingii, kwani basi lipo kwa ajili ya kusafirisha abiria. Uchunguzi huo ulisitishwa mwaka 2013 bajeti ilipokatwa.

SWALI: Kwenye urejelezaji wa plastiki nimejumlisha mauzo ya mwokotaji, msagaji na mtengeneza chembe. Msimamizi wangu anasema nimehesabu plastiki ileile mara tatu. Na je, kiwanda cha ngozi kinachosafisha majitaka yake chenyewe kinaingiaje wakati hakiuzi huduma hiyo?

JIBU: Msimamizi yuko sahihi. Mwokotaji akiuza kwa 10, msagaji akauza vipande kwa 25, na wa tatu akauza chembe kwa 40, jumla ya mauzo ni 75. Ongezeko la thamani ni 10, kisha 15, kisha 15: jumla 40, kama hakuna gharama nyingine. Mauzo yanaonyesha ukubwa wa shughuli, lakini sehemu ya pato la taifa inatoka kwenye hizo 40 tu. Mnyororo wenyewe unakatwa kwenye chembe. Ndoo iliyofinyangwa kwa chembe hizo ni bidhaa ya kiwanda cha plastiki kama ndoo nyingine.

Kiwanda cha ngozi kinaingia kama shughuli saidizi, na thamani yake hupimwa kwa gharama. Kemikali na umeme 30, mishahara 18, uchakavu wa mtambo 12: uzalishaji ni 60, ongezeko la thamani 30. Hizo 30 tayari zimo katika pato la taifa, zimefichwa ndani ya ngozi. Unazionyesha kando, huziongezi juu. Jambo hili husahaulika sana.

Ukitafuta asilimia, gawanya kwa jumla ya ongezeko la thamani kwa bei za msingi. Ukigawanya kwa pato la taifa kwa bei za soko, lenye kodi za bidhaa ndani yake, asilimia itashuka bila sababu ya kiuchumi.

SWALI: Misimbo ya forodha haiwezi kutupa biashara ya nje ya bidhaa za mazingira bila dodoso lolote?

JIBU: Kwa baadhi, ndiyo. Msimbo 8502.31 ni mitambo ya umeme wa upepo, hauna utata. Lakini 8421.21, mashine za kuchuja na kusafisha maji, unachanganya mtambo wa majitaka na kichujio cha jikoni. Kibaya zaidi kilikuwa 8541.40, ambamo seli za sola zilikaa pamoja na diodi za taa za LED. Toleo la 2022 la HS, mfumo wa kimataifa wa misimbo hiyo ya forodha, limezitenganisha: diodi ziko 8541.41, seli zisizounganishwa 8541.42, na paneli 8541.43. Ukichora mstari wa miaka kumi bila kuliangalia hilo, utaona “anguko” la mwaka 2022 ambalo ni karatasi tu.

Angalia na bei. Paneli zimeshuka bei mno, kwa hiyo thamani inaweza kupungua huku idadi ikipanda. Ili kuondoa athari hiyo ya bei, tumia fahirisi (kipimo cha mabadiliko) ya bei ya paneli zenyewe. Ile ya jumla ya bidhaa za umeme itakuonyesha sekta inayosinyaa wakati makontena yanaongezeka bandarini.