Usilipie kusambaza taarifa, mwandikie mwandishi

Dada, umeuliza kama ulipe tovuti ikusambazie taarifa kwa vyombo vya habari kuhusu duka lako la mikoba Kenyatta Market, Nairobi. Usilipe bado. Mimi nashona viatu vya ngozi Kariokor, na mara ya kwanza nililipa. Taarifa ilitokea kwenye tovuti kibao, neno kwa neno, na hakuna mteja hata mmoja aliyekuja akisema ameisoma huko. Na wakikwambia viungo vya kubofya (linki) ndani ya taarifa vitalipandisha duka lako kwenye matokeo ya Google, ujue tangu 2013 Google imeweka wazi kwamba kujaza taarifa hizo linki zilizowekwa kwenye maneno ambayo watu huyatafuta ni kinyume cha kanuni zake.

Kilichonisaidia ni barua pepe moja kwa mwandishi wa gazeti anayeandika habari za biashara ndogo. "Duka jipya limefunguliwa" si habari. Habari ni kwamba unashona mikoba kwa mabaki ya jinzi za soko la mitumba la Gikomba! Anza na hilo: nani, nini, wapi, lini. Kisha bei, maneno yako mawili matatu, picha iliyopigwa mchana ukiwa kwenye cherehani, na namba ya simu utakayoipokea kweli. Iwe ukurasa mmoja, uuandike ndani ya barua pepe yenyewe, maana kiambatisho kutoka kwa mtu asiyemjua anaweza kukiacha tu. Yangu niliituma Jumanne saa tatu asubuhi, saa nane nikapigiwa simu.

Ukishaandika, ibandike hapa niipitie kabla hujaituma.