Unataka Kutengeneza RPG? Anza na Pambano, Ramani Itasubiri

Gemu yangu iko Play Store. Naiandika sentensi hiyo kwa kujidai kabisa, maana wapo watu hapa Mwanza walioniambia usoni kwamba haitafika popote. Inaitwa Giza. Ni RPG, yaani gemu ya kuongoza mhusika kwenye safari yenye stori na mapambano, ya mtindo wa zamani: pikseli kubwa, rangi nne tu, muziki wa milio mifupi. Mhusika ni binti mvuvi wa dagaa anayepita kisiwa hadi kisiwa akimtafuta kaka yake, zile siku ambazo mwezi haupo na karabai ndiyo zinatawala ziwa. Akikutana na adui hachomoi upanga. Anacheza bao.

Tangu itoke meseji haziishi. Iliyonifanya niandike leo ni ya kijana wa Sengerema: "Shikamoo kaka. Nimeicheza gemu yako. Na mimi nina stori ya RPG, falme saba, ramani nimeshachora yote. Nitumie programu gani?"

Marahaba mdogo wangu. La programu nakujibu hapa hapa: tumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, hawachukui asilimia ya mauzo, na inakutolea faili la Android moja kwa moja. Hilo limeisha. Ila wote mnaoniandikia mnaniuliza programu, mnanitumia ramani, majina ya wafalme na picha za majoka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia pambano lake linachezwaje. Kwenye RPG mchezaji atapigana, atatembea kidogo, atapigana tena. Pambano likimchosha, hizo falme saba hatazifikia. Ataifuta gemu akiwa kwenye ufalme wa kwanza.

Tazama waliotangulia. Dragon Quest ilipotoka Japani mwaka 1986, kupigana kulikuwa kuchagua neno kwenye orodha: shambulia, roga, kimbia. Kwa wakati ule ilitosha. Mwaka 2007 Steve Fawkner na wenzake wa Infinite Interactive, kule Australia, wakatoa Puzzle Quest. Humo pambano ni ubao wa vito: unapanga vitatu vinavyofanana, mafuvu yakijipanga adui anaumia, rangi nyingine zinakujazia nguvu za uchawi, halafu zamu inakwenda kwa adui, naye anautumia ubao huo huo. Mwaka 2012 GungHo ya Japani ikaja na Puzzle & Dragons kwenye simu, na mamilioni ya watu wakaipokea. Mimi Puzzle Quest niliicheza kwenye PSP ya kuazima, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, na kilichonishika si stori yake. Ni kwamba kila pambano lilinifanya nifikiri. Nikajiuliza, sisi ubao wetu si upo? Mashimo 32, kete 64, safu nne, na kila kijiwe kina bingwa wake.

Kuna hesabu moja iliyonifurahisha sana, acheni niieleze. Kioo cha Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya mwaka 1989, kilikuwa na pikseli 160 kwa 144. Ukikigawa kwa vigae vya pikseli 16, unapata vigae kumi kwa upana na tisa kwa urefu. Bao lina mashimo manane kwa safu. Linakaa katikati ya kioo na kuacha kigae kimoja kila upande. Safu nne zinakula pikseli 64, na juu yake inabaki nafasi ya kumchora adui na mstari wa uhai wake. Kama vile waliotengeneza kile kioo walipima bao kwanza! Nikaamua gemu yangu itakaa humo humo kwenye 160 kwa 144, hata kama simu za leo zina kioo kikubwa mara nyingi zaidi.

Tatizo likaja kwenye muda. Bao la Kiswahili likichezwa tangu mwanzo, kete sita nyumbani (shimo kuu la safu ya mbele), mbili na mbili pembeni, 22 mkononi, mnamua weee (mnaingiza kete za mkononi moja moja) hadi mikono iwe mitupu ndipo mtaji uanze (kula kwa kete zilizo ubaoni tu), linaweza kula nusu saa nzima. Nani atapigana na fisi mmoja wa pikseli kwa nusu saa?

Jibu nililipata Kirumba, kwenye kijiwe kilicho jirani na mwalo. Kule vijijini Usukumani kuna isolo, bao la Wasukuma, nayo ina utamu wake, lakini pale wazee wanacheza bao lenye namua na mtaji. Nilikwenda na daftari langu la mashimo niliyoyachora kwa kalamu. Mzee mmoja, fundi mitumbwi, akalitazama daftari, hakusema kitu. Akafagia ubao kwa kiganja, akaanza kupanga kete: mbili hapa, moja pale, tano kwenye nyumba ya mwenzake, tatu kwenye shimo la nyuma. Kete zake ni za komwe, zimeshikwa hadi zinang'aa.

"Haya kijana. Mtaji mmoja. Usinipe nafasi ya pili."

Nikacheza safu ya mbele. Nikala kidogo, nikasambaza, kete ya mwisho ikaangukia shimo tupu. Ikalala. Mzee akarudisha kete zote mahali pake bila kuhesabu, akachukua zile tatu za nyuma ambazo mimi sikuzitazama kabisa, akaanza kusambaza. Ya mwisho ikaangukia penye kete, na ng'ambo yake kuna kete. Akala. Akaanzia kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele, akazunguka, akala tena. Mkono haukusimama hadi safu ya mbele ya ng'ambo ikabaki tupu.

Pale pale pambano likazaliwa. Hakuna haja ya kucheza bao zima! Kila adui anakuja na ubao uliokwishapangwa, una mitaji miwili au mitatu, na kete unazokula ndizo pigo analolipata. Mamba anakupa ubao wenye mtego mmoja tu. Kiboko ana nyumba iliyojaa, na usipoila mapema ataipeleka safari, atazisambaza kete zake zote, utajuta. Wazee wale walinipangia mafumbo mengine mengi, nami nikawa nanukuu kwenye daftari, shimo kwa shimo. Majina yao yamo mwishoni mwa gemu, kwa ruhusa yao, na walipoyaona kwenye simu walipokezana ile simu hadi chaji ikaisha.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiniuliza uanzie wapi, anza na pambano. Usifungue kompyuta. Chukua boksi, chora, tafuta kokoto, kaa na mtu ambaye hajui ndoto yako wala hana sababu ya kukusifia, mcheze. Akiomba tena, una gemu. Akishika simu yake kuangalia saa, huna. Rudi kwenye boksi.

Mimi nilijaribu pia kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, zamani zile, watu wamekaa kwenye magari wanasubiri kuvuka kwenda Busisi. Pale hakuna heshima ya bure, mtu akichoka anakurudishia simu. Juni 2025 daraja likafunguliwa, foleni ikafa, nikahamia stendi. Ni pale kivukoni nilipojifunza kwamba kete zikisambazwa haraka kwenye kioo macho ya mtu hayafuati. Sasa kila kete inaanguka na mlio wake, tk, tk, tk, na ikilala kuna kimya kifupi. Wachezaji wengi wananiandikia kuhusu huo mlio kuliko kitu kingine chochote.

Nilisema wapo walioniambia haitafika popote. Niliipeleka kwenye shindano moja la ubunifu, ikiwa na mapambano matano tu yanayofanya kazi. Jaji mmoja akaniuliza kwenye kipaza sauti, "Hii inamsaidia mkulima vipi?" Ukumbi ukacheka. Nikarudi kwenye kiti na laptopu yangu, na mpaka leo nikiukumbuka ule ukumbi kifua kinabana. Mkulima naye ana jioni yake. Ana simu, amechoka, anataka kitu cha kuchezesha akili kabla ya kulala. Mnamdharau mnapodhani anahitaji bei ya mbolea tu. Vijana wenzangu wa Kanda ya Ziwa, msikubali mtu awapangie kwamba ubunifu wenu lazima ufanane na ripoti ya mradi. Na msikimbilie mapango ya barafu na majoka ambayo hamjawahi kuyaona, wakati mna mawe ya Mwanza, mna magugu maji yanayofunga njia usiku mmoja, mna Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanaoshindana kucheza ngoma mbele ya umati. Hayo yote ni mapambano. Anza na pambano.

La mwisho ni la Play Store, maana wengi mnakwama hapo. Akaunti ya kuwekea gemu ni dola 25, unalipa mara moja. Ukiwa mtu binafsi mwenye akaunti mpya, kabla ya kuruhusiwa kuitoa gemu kwa umma unatakiwa uwe na watu wasiopungua 12 wanaoijaribu kwa siku 14 mfululizo. Wawe na simu za Android na akaunti za Google zinazofanya kazi. Usiwachukue wale wa kusema "nitaipakua kesho". Wazee wangu wawili hawakuwa na akaunti, tukazifungua palepale kijiweni, na nywila tukaziandika kwenye karatasi ambayo mmoja ameiweka ndani ya kitambulisho cha mpiga kura.

Kijana wa Sengerema, pambano lako likikamilika mimi nitakuwa mmoja wa hao 12. Waliobaki 11 watafute kuanzia leo.