Barua kwa Mwanangu: Mama Yake Babu

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Barua yako kutoka Maskati nimeisoma mara tatu. Umesema huko kila unapokwenda unaulizwa nasaba, ndipo ukaamua kuiandika historia ya ukoo wetu. Na katika ile karatasi ya babu yako iliyotundikwa ukumbini umekuta wanaume saba, fulani bin fulani bin fulani, mwanamke hata mmoja hamna. Ukaniuliza: "Mama, mama yake babu alikuwa nani? Na kama ni kweli yanayosemwa, niandike?"

Ni kweli. Bibi yangu mzaa baba alikuwa suria, mtumwa wa kike aliyewekwa nyumbani na bwana wake akamzalia. Alinunuliwa akiwa mtoto. Andika.

Baba yangu nilimuuliza mara moja, nikiwa na miaka kumi na miwili. Aliweka kikombe chini akasema, "Mama yangu alikuwa mama yangu." Sikurudia kuuliza, na leo najuta. Ninayoyajua nimeyaokota kwa wengine, kidogo kidogo. Alikuwa na chale mashavuni, mistari mitatu kila upande. Alitwanga kwa kuimba wimbo ambao si Kiswahili. Na jina tunalomtajia tukimwombea dua ni lile alilopewa na aliyemnunua. Jina alilopewa na mama yake mzazi hakuna anayelijua.

Alifikaje Pemba wakati soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikwisha kufungwa 1873? Hapo ndipo uanzie, kwa sababu watu wengi hudhani kufungwa kwa soko ndiko kuisha kwa utumwa. Mwaka mmoja kabla yake, 1872, kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika. Mashamba ya huku yakataka mikono, na majahazi yakawa yanavusha watu kwa siri, usiku. Watoto kama yeye walikuja hivyo. Wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Lakini ukikuta mahali pameandikwa "Mnyasa", usikimbilie kushika kabila: neno hilo walibandikwa watu wa makabila mengi.

Ukija Unguja, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Amri ya 1897 iliwaruhusu watumwa kwenda mahkamani kudai uhuru wao, na karatasi za kesi zile zina majina ya watu ambao hawakuandikwa kwingine kokote. Ila nakutahadharisha usije ukavunjika moyo: masuria waliachwa nje ya amri ile. Walihesabiwa kama wake, wakabaki majumbani hadi amri ya 1909, isipokuwa aliyelalamika kwa kuteswa. Babu yako alizaliwa kabla ya hapo. Kwa hiyo bibi usimtafute kwa jina lake tu. Mtafute kwa jina la bwana: kwenye mirathi, kwenye hati za mashamba, kwenye wakfu. Suria hakumrithi bwana wake, lakini mwanawe alirithi kama watoto wengine, na mara nyingine bwana alimwachia mama huyo nyumba au minazi michache kwa wasia. Penye mstari mmoja kama huo ndipo utakapomwona.

Mjomba wako anasema ukiandika utatuharibia posa za wasichana. Nimemsikiliza, na hofu yake naielewa, maana nimekua nikisikia mtu akitukanwa "mtoto wa mtumwa" kisimani. Lakini mwanangu, Sayyid Barghash mwenyewe, sultani wa Zanzibar aliyetia saini mkataba wa kulifunga soko lile, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Hakuna aliyemwita mtumwa. Sisi tulichagua wa kumwonea haya, tukamchagua mnyonge.

Jambo linalonilemea ni jingine, na hili nataka ulifikirie kabla hujashika kalamu. Aliyenunua naye ni babu yetu. Yule wa mwisho kabla ya babu yako katika ile karatasi, ndiye. Alisomesha wanawe, alijenga msikiti mdogo ambao bado watu wanaswali, na alinunua mtoto wa watu. Usimwandike kama shetani, wala usimfiche nyuma ya msikiti wake. Usiandike pia kwamba alimpenda, kwa sababu hilo hatulijui, na yeye bibi hakuulizwa. Damu yako imetoka kwa wote wawili. Kitabu kitakachomtaja mmoja tu nitakikataa, yeyote kati yao utakayemwacha.

Majirani zetu waache. Wapo ambao hadithi yao inafanana na yetu, na unawajua kwa majina, lakini hiyo ni yao kuisema.

Kuna mtu alikuja hapa mwezi uliopita, anajitolea kutuandikia nasaba mpaka enzi za masahaba, kwa malipo. Nimemwambia nina wanaume saba wananitosha, ninayemtafuta ni mwanamke mmoja.

Sasa la haraka. Mama yako mkubwa yuko Ole, ana miaka themanini na sita, na ndiye pekee aliyebaki aliyepakatwa na bibi. Wimbo wa kutwangia anaujua, ingawa maana yake haijui. Urekodi kwa simu yako, wote, hata pale anapokosea akarudia. Kisha wasikilizishe Wayao, Wanyanja, Wangindo, yeyote wa upande ule utakayempata. Huenda akatokea mtu mmoja akasema, "Huu mama yangu alikuwa akiimba."

Ndege ya Pemba iwahi, usingoje Idi. Asubuhi ndipo akili yake inapokuwa safi. Baada ya adhuhuri huchoka. Na ukae upande wake wa kulia, sikio la kushoto halisikii tena.

Mama yako,
Wete