Misaada ikifika gatini, safari bado

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Nilisoma kwamba kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, maelfu ya makontena yalirundikana bandarini San Juan huku watu wa milimani wakikosa maji. Kwa nini hayakugawiwa mapema?
Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu msomaji. Meli zilifika, kilichokosekana ni mikono ya kuipokea shehena. Barabara zilizibwa na miti na maporomoko, dizeli ilikuwa haba, na kwa kuwa mawasiliano ya simu yalikatika, madereva wa malori, ambao baadhi yao walikuwa wamepoteza nyumba, hawakuweza kuitwa kazini. Wewe unayekaa Mkoani unalijua gati: chombo kikifunga pasipo mahamali wala gari, gunia la mchele hubaki pale pale likinyeshewa. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, shehena ya kwanza isiwe mitumba, ambayo huziba ghala na kuhitaji watu wa kuichambua, bali maji, maturubai, mafuta, redio za mawasiliano na misumeno ya kukatia miti, kila kifurushi kikiandikwa kwa nje kilichomo na kinakokwenda, ili mpokeaji asilazimike kukifungua gizani.